Nimepata kazi ya kutunza wanyama kwenye bustani ya safari Emarati, naombeni ushauri

KobeWaChanguu

Assalaam alaikum jamani, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni kijana wa Unguja, miaka 24. Nina stashahada ya uhifadhi wa wanyamapori, na huu mwaka wa pili najitolea kisiwani Changuu kwa wale kobe wakubwa. Kwa asiyejua, ni kobe wa Aldabra. Wanne wa mwanzo waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana. Kazi yangu ni kufagia, kubeba mchicha, kubadilisha maji, na kuwaambia wageni wasiwapande kobe mgongoni. Wanapanda tu.

Sasa nimepata barua ya kazi kutoka bustani moja ya safari Emarati. Sehemu niliyopangiwa ni ya wala majani wa Afrika: twiga, faru weupe, pundamilia, nyumbu. Nimecheka peke yangu. Niondoke Afrika nikawatunze wanyama wa Afrika jangwani, na huyo nyumbu mwenyewe namjua kwa picha! Mnyama mkubwa niliyewahi kumsogelea ni ng'ombe wa babu yangu Makunduchi.

Nataka kujua kazi yenyewe ikoje, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Huku kukaa na kobe kutanisaidia chochote? Joto lao linavumilika? Halafu wakala anataka milioni moja na laki nane "za kusukuma faili". Na mama yangu kasema hakunisomesha nikawe mzoa mavi Uarabuni. Sijui nimjibu nini.

ChumviKidogo

Miaka yote ya chuo ukazoe mavi ya twiga ugenini, na Makunduchi ya ng'ombe yapo bure. Kila la heri lakini.

BintiPangani

Marahaba mwanangu. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa, huko huko Ghuba, bustani naihifadhi jina. Sasa niko kwetu Tanga nafuga mbuzi wa maziwa. Nitakujibu kwa urefu maana mimi nilipokuwa naondoka sikupata wa kumuuliza.

Wakala kwanza. Usimpe hata senti. Sheria ya Emarati inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Viza, tiketi, vipimo vya hospitali, vyote ni vya mwajiri. Mimi nilitoa. Niliuza cherehani ya marehemu mama yangu, nikafika nikakuta wenzangu wawili tuliofika wiki moja hawakutoa kitu. Nenda Kamisheni ya Kazi uulize kama huyo bwana amesajiliwa. Na pasipoti ukae nayo mwenyewe, hata wakikwambia wanakuwekea kwa usalama.

Sasa mavi. Mwambie mama yako ndiyo, utazoa mavi, asubuhi na jioni, na ukiwa na akili utayatazama kabla hujayazoa.

Faru mweupe ana choo chake. Hanyi ovyo kama ng'ombe, ana mahali pake na anarudi hapo hapo. Siku yangu ya kwanza nikapewa reki na toroli, nikasafisha pale pakang'aa kama uwanja wa bibi siku ya Idi. Nikasimama pembeni nangoja kusifiwa. Msimamizi wangu alikuwa mzee wa Kerala, India, kazeekea kwenye mabanda ya wanyama. Akaja, akatazama, akashika kiuno. Hakusema neno. Akachota nusu toroli ya yale mavi akayarudisha palepale, akayasawazisha na reki vizuri kabisa. Baadaye ndiyo akanieleza: macho ya faru mabovu, mambo yake anayajulia puani. Lile lundo ndilo baraza lake, ndipo anapojua nani kapita, nani mgeni, jike gani limeiva. Ukiliondoa lote anaamka kama mtu aliyehamishwa nyumba usingizini. Kwa hiyo unapunguza, unabakisha. Hilo chuoni hukufundishwa, nami sikufundishwa.

La pili linanihusu kwa aibu. Tulikuwa na jike tukimwita Bibi Harusi kwa vile alichukua muda kutoka ndani asubuhi. Mwezi wa tatu hivi nikaona mavi yake yamepungua, mabonge madogo, makavu. Lakini anakula, anakuja akiitwa. Kwenye daftari nikaandika "mzima". Siku tatu nimeandika "mzima". Ya nne yule mzee akachukua glavu ndefu ya daktari wa mifugo, ile inayofika begani, akatia ngumi moja ya mavi, akajaza maji, akatikisa, akaifunga kwenye nguzo ya uzio. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi glavu inaning'inia kama kiwele, na chini vidole vyote vitano vimejaa mchanga. Mchanga mtupu, wa jangwani, ule mwekundu. Nikivikumbuka vile vidole mpaka leo tumbo linanisokota.

Ilivyokuwa ni hivi. Majani makavu tulikuwa tunamwaga chini, na upepo wa kule haulali. Faru mweupe mdomo wake mpana umeumbwa kufagia nyasi fupi, anafagia vyote. Na tumbo lake ni kama la farasi, chakula kinachachukia nyuma kwenye utumbo mkubwa, na mchanga ni mzito, ukifika hapo unakaa. Ukizidi unaziba. Farasi wengi hufa hivyo. Daktari akampa maganda ya ispaghula, yale Wahindi huyaita isabgol, yanavimba kama uji wa mlenda na kuukokota mchanga kutoka. Tukaanza kulishia kwenye mahori na mikeka ya mpira. Kila asubuhi kazi yangu ikawa kufunga glavu. Karibu wiki tatu hivi ndipo vidole vikawa vitupu. Tangu siku hiyo sijaandika "mzima" peke yake kwenye daftari. Naandika ametoka saa ngapi, amekula kiasi gani, mabonge mangapi, magumu au laini.

Mnyama wa porini haonyeshi ugonjwa, maana porini anayeonyesha huliwa. Akishalala chini mbele yako ujue umechelewa wiki nzima.

Twiga nao. Hapo utapenda, kila mtu anapenda, yale macho. Usimwendee. Twiga anapiga teke pande zote na teke lake limewahi kuua simba. Kwetu ilikuwa marufuku kuingia alipo. Kati yako na yeye kuna ukuta au vyuma saa zote. Mtihani wa twiga ni kwato. Porini anatembea kutwa juu ya mawe zinajisaga. Kwenye bustani ardhi laini, zinaota mpaka zinapinda kama viatu vya Aladini. Na twiga huwezi kumlaza na dawa ya usingizi hivi hivi. Ile shingo, ule msukumo wa damu unaopanda hadi kichwani, wengine wakilazwa hawaamki. Kwa hiyo anafundishwa atoe mguu mwenyewe.

Unachukua fimbo ndefu yenye mpira mwishoni. Akigusa mpira kwa pua, unapuliza kipenga, unampa kipande cha karoti. Siku nyingi ni hiyo tu, pua na mpira. Halafu mpira unashuka gotini. Halafu kuna ubao chini ya tundu la uzio, akigusa ubao kwa kwato, kipenga, karoti. Akikataa, unafunga fimbo unaondoka, hakuna kugombana. Dume wetu mmoja alituchukua miezi saba. Siku alipoweka ukwato kwenye ubao akaacha nikapitisha tupa mara nne, nilisikia ule mkwaruzo, nikaona unga mweupe unaanguka, na juu huko anatafuna karoti kama hayamhusu. Nilipiga simu Pangani usiku ule kumwambia dada yangu. Akaniuliza mshahara umeingia?

Halafu kitu kinachochekesha. Twiga wetu wengi walizaliwa Ulaya. Mimi nikafika najiona mwenyeji wao, nikamwambia mmoja "njoo", akanitazama kama mtalii. Anajua kipenga na maneno mawili ya Kizungu. Lakini kule jangwani kuna mgunga, huu huu mgunga wetu wenye miiba mirefu na kichwa kama mwavuli, Waarabu wanauita samr. Siku moja wakaleta matawi yaliyokatwa barabarani. Yule twiga alikuwa hajawahi kuuona mti huo maisha yake yote. Akanusa, akarudi nyuma. Akanusa tena. Ukatoka ule ulimi mweusi, ukapita katikati ya miiba bila kuchomwa hata mmoja, ukalizungushia lile tawi na kulikwangua majani yote kwa mara moja, krrr. Nani alimfundisha?

Simba hutapewa mwanzo na usiwaombe. Nikwambie moja tu: kabla hujafungua mlango unahesabu. Watano ndani, watano umewaona kwa macho, si kwa kudhani, kisha unavuta kufuli kwa mkono na mwenzako anavuta tena. Mara moja nilisahau kuvuta. Mwenzangu akavuta, kufuli likafunguka. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwake na hakikumwagika, ila siku hiyo hakunisemesha tena.

Joto: litakutesa wewe kuliko wao. Julai linapita 45. Tulikuwa tunaanza saa kumi na moja alfajiri. Bustani nyingi za kule hufungwa kwa wageni miezi hiyo, na kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba sheria inakataza kazi ya juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa. Lakini mnyama hajui likizo, kwa hiyo mchana uko ndani, kwenye mabanda yenye feni na mvuke wa maji, unagandisha karoti na matikiti kwenye ndoo za barafu. Watu hawaamini nikisema usiku wa Januari ndio uliotupa shida zaidi, twiga hana mafuta ya kumkinga na baridi, na jangwa likipoa linapoa kweli.

Kuhusu kobe, nikuulize mimi: kati ya hao wako, nani haji kwenye mchicha, na kwa nini?

Dereva_Nanyuki

Salamu kutoka Laikipia. Mimi ni dereva wa watalii tu, lakini hifadhi ya Ol Pejeta nimepeleka wageni mara nyingi kuliko nilivyopeleka watoto wangu shule. Nimesoma hapo kwa twiga wa Ulaya nikacheka, maana hata sisi tunao wa aina hiyo. Wale faru weupe wa kaskazini, Najin na bintiye Fatu, wamezaliwa kwenye bustani ya Dvůr Králové huko Cheki, Najin 1989, Fatu 2000. Waliletwa hapa Desemba 2009 pamoja na madume wawili, Suni na Sudan. Kati ya hao wanne ni Sudan peke yake aliyewahi kuzaliwa porini. Suni akafa 2014, Sudan 19 Machi 2018, na sasa duniani kote ni hao wawili wamebaki, mama na mtoto.

Wageni huniuliza kama walinzi wenye bunduki ndio kazi ngumu. Mimi nikiwaangalia watunzaji, naona ngumu ni yao. Mlinzi anaangalia nje ya uzio. Huyu mwingine kila asubuhi anaangalia magoti ya Najin, mguu wa nyuma unaburuta ama hauburuti. Kijana, enda. Lakini dada wa Pangani, huku kwetu wanawakuna hadi nyuma ya sikio, hakuna cha vyuma katikati. Nyinyi mlikuwa waoga?

BintiPangani

Kaka dereva, tulikuwa waoga na wote tulirudi makwetu na mbavu zetu. Wale wa kwenu wamezoea watu tangu wachanga, na watunzaji wao wamekaa nao miaka na miaka. Kwetu watu walibadilika kila mkataba ukiisha. Mnyama wa tani mbili huwezi kumwachia kila anayeshuka kwenye ndege amkune sikio.

AbuSalim_Maskati

Nimeandika kidogo maana niko kazini. Kijana, kabla hujasaini, waulize wanyama wao wametoka wapi na wana karatasi. Huku Oman tulikuwa na choroa mweupe, yule swala wa jangwani mwenye pembe ndefu, Waarabu wanamwita maha. Wa mwisho wa porini waliuawa mwaka 1972. Bahati nzuri wachache walikuwa wamepelekwa Phoenix, Marekani, tangu 1963, wakazaa, na mwaka 1982 wakarudishwa kwenye jangwa la Jiddat al-Harasis. Waliowalinda ni Harasis wenyewe, mabedui wa pale, wanaojua nyayo za kila mmoja. Mwaka 1996 walifika 450. Halafu wakaanza kuibwa. Hawakuibwa waliwe, walikamatwa wazima, majike khasa, wakauziwe matajiri wenye bustani zao. Kufika 2007 wamebaki 65, na UNESCO ikalifuta eneo lile kwenye orodha ya urithi wa dunia, la kwanza kufutwa.

Bustani nzuri zipo, mjomba wangu kafanya kazi moja. Ila swali hilo uliza, na utazame anayekujibu anatazama wapi.

KobeWaChanguu

Shikamoo tena shangazi. Nimechelewa kurudi kwa sababu swali lako la kobe lilinikera siku mbili nzima, kisha nikaona nilifanye.

Asiyekuja kwenye mchicha yupo. Dume mmoja mzee, namba yake ya bluu mgongoni imeanza kufutika. Sote tunamwita Mvivu. Nimekaa naye siku nane na daftari. Siku tatu za mwanzo nimeandika upuuzi: kalala, kaamka, kalala. Siku ya nne mtoto wa mgeni alimwekea mchicha upande wa kulia wa kichwa, akala hapohapo, mpaka ukaisha. Kesho yake nikaweka kushoto, hakugeuka. Kulia, akala. Kushoto, hakuna. Nikapunga mkono kushoto karibu na jicho, hakufumba. Nikalitazama vizuri, lina utando, kama maji ya wali.

Miaka miwili nampelekea chakula upande asioona, halafu namwita mvivu.

Nimemwambia msimamizi, daktari atakuja Jumatano. Wakala nimemwambia sitoi; amenifungia kwenye simu. Niliandika moja kwa moja kwa bustani wakanijibu kwamba hawamjui. Karatasi za wanyama pia nimeuliza, bado hawajajibu hilo. Mama kanyamaza kidogo. Nilimsomea ile ya glavu, akasema huyo mzee wa Kerala ana akili.

BintiPangani

Ana akili sana, Mungu amweke.

Mwanangu, hayo ya Mvivu yaandike kwenye barua yako kama ulivyoyaandika hapa, na tarehe. Watu wengi wataleta vyeti. Hapo kwa daktari usiondoke, simama wewe umshike kichwa, maana wewe ndiye anayekujua, kwa ule upande mmoja anaoona. Na uwaambie wenzako wote walishie kulia kuanzia kesho, wasimbadilishie badilishie.

Wakikujibu lile la karatasi, lilete hapa tulisome pamoja na Abu Salim. Wasipokujibu, nalo lilete.

Viatu nunua Darajani, vya ngozi vinavyopita kifundo, kule wanakupa vya mpira na Julai miguu inachemka. Namba moja zaidi ya yako.

ChumviKidogo

Mimi niliyesema mavi bure yapo Makunduchi, nimeenda kutazama ya mbuzi wa mama. Kuna mmoja sijui, yamekuwa laini tangu juzi. Shangazi, nifunge glavu?

BintiPangani

Ya laini si ya glavu. Amekula nini juzi?